Mji wa Pwani na Bahari Inayopanda: Mwongozo Ulioandikwa Moshi

Moshi iko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Arusha iko juu zaidi, karibu mita 1,400. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza mkazi wa Moshi anatafuta nini katika habari za bahari. Sababu yangu ya kwanza haina fahari. Mimi na ndugu zangu tulinunua kiwanja ufukweni, kusini ya Tanga, tukaonyeshwa mipaka maji yakiwa yamekupwa, na leo bikoni mbili kati ya nne huonekana tu bahari inaporudi nyuma. Sababu ya pili inawahusu watu wote wa huku: kahawa inayopigwa mnada hapa Moshi hutoka nchini kupitia bandarini, mbolea na mafuta ya magari huingilia hukohuko, na reli yetu ilianzia baharini, Tanga. Ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nayo ni kwamba mto Pangani unazaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na lolote tunaloutendea huku juu hufika mlangoni mwake. Hilo nitalirudia mwishoni.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya diwani, mwenyekiti wa mtaa, mhandisi wa halmashauri na afisa ardhi wa mji wa pwani, na pia kwa yule ndugu yetu wa Machame au Usa River mwenye kiwanja Bunju, Kigamboni au Pangani, ambaye huitwa kwenye vikao vya mtaa akidhaniwa kuwa mgeni asiyehusika.

Kwanza ni vizuri kujua ukubwa wa jambo lenyewe. Taarifa ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi inaeleza kuwa bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kasi yenyewe imeongezeka: zamani ilikuwa kama milimita 1.3 kwa mwaka, na kati ya 2006 na 2018 ilifikia milimita 3.7. Kufikia 2100 bahari inatarajiwa kuwa imepanda kati ya sentimita 28 na 55 endapo dunia itapunguza sana hewa ya ukaa, na kati ya sentimita 63 na mita 1 endapo haitapunguza. Nimesikia mara nyingi huku kwetu watu wakidai kuwa barafu ya Kibo ndiyo inayoijaza bahari. Si kweli. Barafu hiyo ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, lakini ni ndogo mno. Hata ikiisha yote kesho, bahari haitaonyesha tofauti inayopimika. Kinachoinua bahari ni maji yake yenyewe kutanuka kwa joto, pamoja na kuyeyuka kwa barafu za milima mingi duniani na zile kubwa za Greenland na Antaktika.

Pima kabla ya kuomba fedha

Hatua ya kwanza haihitaji mfadhili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kuliko siku nyingine, nayo ndiyo bamvua. Na bamvua kubwa za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba. Katika mwambao wetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku hizo ni kama mita 3 hadi 4, kwa hiyo mtu anaweza kuziona sentimita 20 kuwa ni kitu kidogo. Udogo wake unaisha unapokumbuka kuwa sentimita hizo huongezwa juu ya kilele, na kwamba mahali ambapo ardhi inapanda mita 1 tu katika kila mita 100, sentimita 20 za maji humaanisha mita 20 za ardhi, hata kabla ya kuhesabu mchanga utakaosombwa.

Tafuteni jedwali la maji kujaa na kupwa linalotumika bandarini, chagueni siku tatu za bamvua ya Machi, kisha gaweni watu mitaani, kila mmoja akiwa na kopo la rangi ya mafuta na brashi. Saa ya maji kujaa kila mmoja aweke alama mahali maji yalipoishia: ukutani, kwenye nguzo ya umeme, kwenye shina la mnazi. Baada ya hapo mwiteni fundi uashi na mpira wake wa maji, ule mrija mwangavu ambao mafundi huutumia kuhamisha levo kutoka kona moja ya msingi hadi nyingine, naye atawasaidia kuweka mstari wa pili sentimita 30 juu ya alama, wa tatu sentimita 60, na wa nne mita 1. Mimi nimefanya kazi ya upimaji kwa miaka mingi, na ninaheshimu vifaa vya kisasa. Lakini mstari wa rangi uliopita juu ya kizingiti cha zahanati humfanya mtu aelewe kwa dakika moja jambo ambalo ramani ya ofisini haijamwelewesha kwa miaka mitano.

Mistari ikishawekwa, andikeni kila kilichomo chini yake: zahanati, shule, transfoma, visima, vyoo, makaburi, maghala, barabara ya pekee ya kutokea mtaani. Andikeni vilevile maji yalipita njia gani, kwa maana kuna maji yanayoruka ufukwe, yanayopanda na mkono wa bahari, yanayorudi kwa mtaro, na yanayochipuka ardhini bila mawimbi yoyote, na kila moja lina dawa yake. Kazi ya namna hii si ndoto. Tangu 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu wa Dar es Salaam pamoja na wakazi walizichora kata zinazofurika, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro.

Juu ya yote hayo ongezeni dhoruba. Vimbunga ni adimu kwetu, lakini vipo: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kimbunga kikikutana na bamvua katikati ya masika, mistari yenu ya rangi haitatosha.

Mitaro, visima na vyoo

Katika miji mingi ya mwambao, bahari huingia kwanza kwa mlango wa nyuma. Mtaro ulijengwa ili upeleke mvua baharini. Mdomo wake ukishakuwa chini ya maji ya bamvua, mvua haina pa kwenda na bahari hupata njia ya kuingia mtaani. Dawa ya bei nafuu ni mlango wa bawaba kwenye mdomo wa mtaro, unaosukumwa wazi na maji ya ndani na kujifunga unaposukumwa na bahari. Ubaya wake ni kwamba chupa moja ya plastiki inatosha kuuzuia usifunge. Kwa hiyo usiuweke mlango huo kabla ya kuamua, kwa maandishi, ni nani atakayeusafisha kila wiki na atalipwa kutoka fungu gani. Wachagga wamehifadhi mifongo yao, yaani mifereji yao ya asili ya kumwagilia, kwa vizazi kwa sababu kila mfongo una watu wanaojulikana, zamu zinazojulikana na faini kwa asiyefika siku ya kazi. Mtaro wa mjini hauna tofauti kubwa na mfongo, isipokuwa tumeukabidhi kwa ofisi na kuusahau.

Pale ambapo mtaro hauwezi tena kuteremka, mji huhitaji bwawa la kupumzishia maji hadi bahari ikupwe, na bwawa hilo halipatikani kama ardhi ya bondeni imekwisha kujengwa. Hiyo ndiyo hesabu iliyoko nyuma ya mradi wa Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola za Marekani milioni 200 mwaka 2022: eneo la Jangwani ligeuzwe bustani yenye ruhusa ya kufurika, na daraja liinuliwe. Beira, nchini Msumbiji, walifanya jambo la kufanana kwa kuufukua mto Chiveve unaopita katikati ya mji na kuzungushia bustani.

Kuhusu visima nitasema kwa ufupi. Maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi, nayo yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Kwa hiyo visima vya karibu na ufukwe vinapaswa kusajiliwa, kupimwa chumvi kila kiangazi, na vile virefu kupunguziwa saa za kusukuma. Katika baadhi ya miji uvutaji huo umeleta balaa kubwa zaidi, kwa kuwa ardhi yenyewe hudidimia: sehemu za Jakarta zimeshuka kwa mita kadhaa, ilhali Tokyo ilifanikiwa kuzuia kudidimia kwa kuweka masharti makali ya uchimbaji wa visima. Vyoo vya shimo navyo hujaa kutoka chini maji ya ardhini yanapopanda, na kinachofuata kinajulikana na kila muuguzi aliyewahi kuhudumia wagonjwa wa kipindupindu. Chini ya mstari wa sentimita 60 choo kijengwe kwenye jukwaa lililoinuliwa, na tangi lake liwe limezibwa kila upande.

Mchanga na mikoko

Hapa ndipo ningependa halmashauri itumie muda wake mwingi, kwa kuwa hapa ndipo makosa hufanyika kimyakimya. Ufukwe ni ghala la mchanga ambalo kila siku hutoa na kupokea. Mchanga huletwa na mito na hutengenezwa na matumbawe, kisha husafirishwa na mawimbi, upande mmoja wakati wa kusi na upande mwingine wakati wa kaskazi. Ukiziba mlango wa kuingilia, ghala litakauka hata kama bahari haijapanda milimita moja. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni somo lililo wazi: ufukwe ule ulianza kuliwa miongo kadhaa iliyopita, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti ni uchimbaji wa mchanga wa ujenzi katika vijito ambavyo vilikuwa vikiulisha. Wenye hoteli walijenga vizuizi vya mawe kwenda baharini ili kunasa mchanga, navyo hunasa kweli, lakini mchanga ulionaswa kwa huyu ni mchanga ulionyimwa jirani yake.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya mji iwe kupiga marufuku uchimbaji wa mchanga ufukweni na katika vijito vinavyoulisha, na hapohapo kuonyesha machimbo mengine ya bara, yenye kibali na barabara inayopitika. Marufuku isiyokuwa na machimbo mbadala huishia kuwapa kazi wachimbaji wa usiku. Amri ya pili ilinde miamba ya matumbawe dhidi ya baruti na uchimbaji wa mawe ya chokaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo kutoka sehemu nyingi za dunia, ulionyesha kuwa mwamba wa matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Hakuna halmashauri yenye uwezo wa kununua ukuta wa namna hiyo.

Mikoko inasifiwa sana na kupandwa vibaya sana. Watu hukusanyika siku ya mazingira, wakachomeka mbegu ndefu za mkoko katika tope lolote lililo wazi, wakapiga picha, na baada ya miezi sita hakuna mche hata mmoja. Mikoko ina makazi yake: mlilana hukaa mbele, ukitazamana na bahari, mkoko wenye mizizi inayosimama kama nguzo hupenda kingo za mikono ya bahari, mkandaa hufuata nyuma, na mchu huvumilia chumvi nyingi ya upande wa nchi kavu, ingawa huonekana hata mbele. Kabla ya kupanda lolote, muulizeni mzee wa mahali ni mti gani ulikuwapo hapo na ulikufa kwa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba maji yalizibwa na tuta la barabara au la shamba la chumvi, na tuta hilo likitobolewa mahali panapofaa, mbegu hujileta zenyewe na maji ya kujaa. Mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Kumbukeni pia kuzungumza na Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu mikoko ni misitu ya hifadhi na hata nia njema inahitaji kibali.

Jambo moja zaidi, ambalo sijaona likitiliwa maanani katika mipango mingi: bahari ikipanda, mikoko nayo huhamia nchi kavu, mche kwa mche. Ikikuta ukuta au uzio wa nyumba nyuma yake, hubanwa hapo hadi ikafa. Ramani ya mji lazima iache ukanda mtupu nyuma ya msitu, na ukanda huo uandikwe kuwa umetengwa, la sivyo dalali atauona kuwa ni kiwanja.

Ukuta, na mahali unapostahili

Ukuta wa bahari si dhambi. Kuna vitu visivyohamishika, kama vile mji wa kale, hospitali, bandari au barabara kuu, na hapo ukuta unastahili gharama yake. Ndiyo maana Dar es Salaam ilijenga ukuta kando ya Barabara ya Barack Obama na mwingine Kigamboni, na Zanzibar ikaujenga upya ule wa Mizingani mbele ya Mji Mkongwe. Ninachopinga ni ukuta kuwa wazo la kwanza. Wimbi likigonga ukuta ulio wima hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga miguuni pa ukuta wenyewe, na pale ukuta unapoishia bahari huzunguka na kumla jirani. Anayejenga azingatie mambo manne: ukuta uwe wa mteremko wenye mawe makubwa badala ya zege lililosimama, msingi wake ushuke chini ya kina ambacho mchanga huchimbwa wakati wa kusi, nyuma yake kuwe na kitambaa cha kuchujia pamoja na matundu ya kupumulia, ili maji ya mvua yasiusukume kutoka ndani, na bajeti ya matengenezo ipitishwe siku ileile bajeti ya ujenzi inapopitishwa.

Papara ni mbaya kuliko kuchelewa. Mwaka 2003 huko Saint-Louis, Senegal, mto ulipotishia kuufurikisha mji, wenye mamlaka walichimba mfereji wenye upana wa mita 4 kukata ulimi wa mchanga unaoutenga mto na bahari. Mafuriko yalipungua kweli, lakini bahari ikaupanua mfereji ule hadi ukawa na upana wa kilomita kadhaa, na vijiji vilivyokuwa vimekingwa na ulimi ule vikapoteza kinga yao.

Kuacha nafasi na kuhama

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Swali ambalo afisa ardhi anapaswa kulijibu kwa maandishi ni hili: mita 60 kutoka wapi? Zikipimwa kutoka maji ya kupwa ni mzaha, kama ule tuliofanyiwa sisi. Zipimwe kutoka alama ya bamvua ya Machi, na zipimwe upya kila baada ya miaka mitano, kwa kuwa ukingo wenyewe unatembea. Nasi tumekipima kiwanja chetu kwa kanuni hiyo, tukakuta kilichobaki hakitoshi nyumba. Shemeji yetu anayeishi hukohuko amepanda minazi.

Kuhamisha watu ni kazi ngumu kuliko zote, na haifai kuanza na tingatinga. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji ambako zilikuwa zikipata riziki, na baadhi zilirudi bondeni. Mvuvi hawezi kuishi kilomita 20 kutoka kwenye diko lake, yaani mahali anapoegesha chombo na kushusha samaki. Kinachowezekana ni kutenganisha vitu viwili: diko, vibanda vya nyavu na mahali pa kukaushia dagaa vibaki ufukweni kwa miti na makuti, vitu ambavyo vikichukuliwa na maji vinajengwa tena kwa wiki moja, na nyumba za kulala zisogezwe juu ya mstari wa mita 1, ndani ya mwendo wa miguu. Viwanja vya kuhamia vitengwe sasa, bei ya ardhi ikiwa bado chini, na kwa wapangaji pia, ambao kwa kawaida fidia huwapita juu kwa juu.

Sehemu yetu sisi wa bonde la Pangani

Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na upande mmoja wa Kilimanjaro, Ruvu hukusanya ya upande wa pili (si Ruvu ile ya mkoa wa Pwani), na yote mawili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo mto Pangani husafiri hadi mji wa Pangani, ukipita mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kila bwawa hunasa mchanga, na kila mfereji wa shamba hupunguza maji. Mto ukifika mlangoni ukiwa dhaifu, maji ya chumvi hupanda mtoni na kuharibu mashamba ya kando, na ufukwe hupokea mchanga mchache kuliko ule unaoondoka. Si mbali na hapo kilikuwapo kisiwa cha Maziwe, chenye miti na mazalia ya kasa. Miti yake ilipotea mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo ni fungu linalofunikwa na maji ya kujaa.

Tunachoweza kufanya huku ni cha kawaida, lakini kina mahali pa kufanyikia. Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, na jumuiya za watumia maji zina vikao. Anayehudhuria aulize mambo matatu na ahakikishe yanaingia kwenye muhtasari: ni kiasi gani cha maji kinachoachwa mtoni kwa ajili ya mto wenyewe wakati wa kiangazi, na kinapimwa wapi, ni vibali vingapi vya kuchimba mchanga vimetolewa katika mito yetu, na nani anahesabu malori, na kama wawakilishi wa Pangani mjini wamealikwa. Kwenye kingo za mito yetu, mita 60 zilezile za sheria zirudishiwe miti na nyasi, kwa kuwa kulima hadi ukingoni hupeleka baharini udongo wa juu, ambao ni tope lisilojenga ufukwe na ambalo huyafunika matumbawe. Na mifongo inayovuja izibwe kabla ya mwezi wa Julai, maji yanapoanza kuwa machache, kwa sababu tone linalopotea njiani halimfikii mkulima wa huku wala mto wa kule.